Dawa na Mkono Ulioileta: Historia ya Tiba katika Mwambao wa Rumonge

Kwa Mrundi wa milimani, Imbo ilikuwa nchi ya homa. Aliteremka kwa haja maalumu, akabadilisha maharage au mtama kwa mawese, samaki na chumvi ya Uvinza, kisha akafanya haraka kupanda tena kwenye baridi yake. Aliyechelewa huko chini mara nyingi alirudi akitetemeka, na wengine hawakurudi kabisa. Ukanda huo mwembamba, uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na kuta za milima, ulisifika juu kote kuwa mahali pa kufia ugenini.

Wenyeji wa ukanda wenyewe waliijua homa hiyohiyo kwa namna nyingine, kwa kuwa walizaliwa nayo. Iliwaua watoto wao wengi, na waliosalia walikua na kinga ambayo mtu wa milimani hakuwa nayo, maana mbu waenezao malaria hawastawi kwenye baridi. Kwa hiyo kabla hajafika daktari yeyote na kabla haijajengwa hospitali, ugonjwa ulikwisha kuwatenga watu: huyu ni wa juu, yule ni wa Imbo.

Rumonge, kilomita 70 na kidogo kusini mwa Bujumbura, ndiyo moyo wa maisha hayo ya ziwani. Ni mji wa michikichi na mitumbwi, wa ndagala wanaovuliwa usiku kwa taa, wa mukeke na sangala wanaogombewa asubuhi mwaloni. Kirundi na Kiswahili vinasikika humo bega kwa bega, adhana na kengele vilevile. Ndani yake wamo Warundi wa koo za Imbo, wazao wa Wamanyema na Wajiji, Wabwari waliovuka kutoka rasi ya Ubwari, Wabembe wa Fizi, na watu waliozaliwa ukimbizini Tanzania wakarudi wakiwa na Kiswahili cha Katavi na Tabora.

Naandika historia ya tiba katika mwambao huu kwa sababu inasahihisha kauli moja inayosemwa kirahisi mno, kwamba utamaduni wa watu hawa ndio unaowazuia kupata afya. Historia yao ya zaidi ya miaka 150 inasema vingine. Dawa ngeni hawakuiogopa. Waliipokea, wakaijaribu, wakaichanganya na yao. Walichokikataa ni mkono ulioleta dawa huku ukinyoosha vidole kuchukua kitu kingine: mtoto, shamba, jirani au heshima.

Misafara, ndui na kombe

Tiba ya zamani ya Imbo ilikuwa na tabaka kadhaa. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye majani. Umubirizi, mmea mchungu, ulinywewa kwa homa na minyoo. Umuravumba, wenye harufu kali, ulitumika kwa kikohozi na tumbo. Majani yaliposhindwa, ukoo ulikaa kikao. Mgonjwa hakujiamulia peke yake aende wapi, kwa kuwa maradhi yake yaliwagusa wote, na wazee ndio waliosema kama aitwe mpfumu apige ramli au familia imwendee roho Kiranga katika ibada ya kubandwa. Swali la kikao lilikuwa na sehemu mbili: ni ugonjwa gani, na kwa nini umempata huyu, sasa hivi.

Majani hayo hayakuwa mchezo. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania wa ziwa hilihili, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya kwao kwa kurithi, walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna utomvu mchungu wa umubirizi huohuo, kisha akapata nafuu. Mohamedi ndiye aliyeutambua mmea kuwa dawa ya Watongwe. Uchunguzi wa maabara uliofuata ulikuta ndani yake kemikali zinazopambana na vimelea. Elimu ya mzee wa kijiji ilitangulia, maabara ikafuata.

Karne ya 19 ilipofika katikati, wafanyabiashara wa Pwani na Unguja walikuwa wamekwisha kuifanya Ujiji kituo chao. Februari 1858 waliingia humo Richard Burton na John Hanning Speke, Waingereza wawili waliokuwa hoi: Speke haoni vizuri, Burton hawezi kutembea. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi na kufuata mwambao wa Urundi hadi Uvira. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipita njia hiyohiyo kwenda kutazama mto Rusizi, na Stanley alipopatwa na homa njiani, mzee Livingstone ndiye aliyemuuguza. Hao wote walisafiri kwa jasho la wapiga makasia na kwa Kiswahili cha wakalimani.

Misafara ilileta maradhi. Ndui ilitembea na wapagazi kutoka kambi hadi kambi. Funza, aliyeletwa Angola na meli kutoka Brazil mwaka 1872, alivuka bara zima na kufika Afrika Mashariki kabla karne haijaisha, akawaacha watu wengi bila vidole vya miguu. Mapema miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, na njaa ikafuata.

Misafara hiyohiyo ilileta pia tiba zake: hirizi, kombe la aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji ya kunywa, ngoma za pepo. Watu wa mwambao walizichukua wakazipa nafasi pembeni ya umubirizi. Wahenga wa Kiswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Imbo iliisadiki methali hiyo kwa vitendo. Palepale, hata hivyo, ilijifunza kumchunguza mgeni. Biashara ya Ujiji ilikuwa ya pembe na ya watu. Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyeitwa Muhammad bin Khalfan, alijaribu katika miaka ya 1880 kuupanua utawala wake hadi kaskazini mwa ziwa, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Urundi, yakamzuia. Tangu hapo Mswahili wa mwambao akabeba sifa mbili machoni pa watu wa milimani: ana dawa na nguo nzuri, lakini mtazame mikononi.

Mtoto wa Rumonge na tabibu wa Karema

Mwaka 1879 walifika Rumonge wageni wa aina nyingine, Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe wa Kardinali Charles Lavigerie, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868. Hiyo ilikuwa misheni ya kwanza ya Kikatoliki Burundi. Maagizo ya Lavigerie yalikuwa wazi: jifunzeni lugha ya watu, watibuni wagonjwa wao, wakomboeni watoto waliotekwa utumwani na kuwalea. Dawa ilikuwa njia ya kuingia nyumbani mwa watu.

Haikupita miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa hapo Rumonge. Kiini cha ugomvi kilikuwa mtoto aliyelelewa misheni, ambaye majirani walimdai na mapadri wakakataa kumtoa. Misheni ikafungwa. Wakatoliki hawakupata makao ya kudumu Burundi hadi mwishoni mwa miaka ya 1890, na walipoyapata yalikuwa mbali na ziwa, Muyaga na Mugera.

Mauaji hayo hayana utetezi. Lakini anayetaka kuelewa historia ya tiba mwambaoni lazima atazame waligombania nini. Kwa mapadri, mtoto yule alikuwa roho iliyookolewa. Kwa majirani, mtoto hakuwa wa peke yake, alikuwa na wenyewe. Pande mbili zilikuwa na majibu mawili kwa swali la mwili wa mtu ni wa nani, na hapakuwa na kikao cha kuyakutanisha.

Upande uleule wa ziwa, kusini zaidi, mpango huohuo wa Lavigerie ulizaa tunda tofauti. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi inayoitwa Mali leo, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara na kukombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Walimpeleka Malta, ambako Lavigerie alifungua chuo cha kuwasomesha vijana Waafrika udaktari na ukatekista. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, na hakuondoka tena. Alioa binti wa huko, akazungumza lugha ya huko, akatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 tabibu mmoja alikaa na watu wale wale, akizalisha akina mama ambao aliwahi kuwatibu wakiwa wachanga.

Shirika lilikuwa moja, na ziwa moja. Wagonjwa wa Karema walikuwa na mizimu, majani na waganga wao kama wagonjwa wa Rumonge. Tofauti ni kwamba Atiman aliingia katika ukoo. Mtu aliyeoa kwenu na atakayezikwa kwenu hana pa kukimbilia na kile alichokichukua.

Malale

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwambao ulipata pigo ambalo halijasahaulika. Malale, yaliyokuwa yameua watu wapatao robo milioni kwenye pwani za Ziwa Victoria upande wa Uganda, yalizuka pia kwenye Ziwa Tanganyika. Mbung'o anayeyaeneza hupenda kivuli cha miti iliyo karibu na maji, na hapo ndipo maisha yote ya Imbo yalipo: mahali pa kuteka maji, pa kufulia, pa kuegesha mtumbwi, chini ya michikichi.

Wajerumani, waliokuwa na ngome Usumbura, Bujumbura ya leo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1890, walikabiliana na ugonjwa kwa nguvu ya sayansi ya zamani zao. Robert Koch alikuwa amefanya majaribio visiwani Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907 kwa dawa ya atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Dawa ilimwamsha mgonjwa kwa muda, wiki au miezi, watu wakaona muujiza. Kisha ugonjwa ukarudi. Ilipoongezwa kipimo, baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Pamoja na hayo kambi za malale zilifunguliwa kwenye mwambao wa Tanganyika, na kampeni iliyoongozwa na Friedrich Karl Kleine baada ya Koch ikaendelea. Watu walipangwa mistari, wakashikwa shingo kutafuta tezi zilizovimba, tezi zikachomwa sindano, na aliyepatikana na vimelea akatakiwa kambini. Vichaka vya pwani vilifyekwa kwa kazi ya lazima. Safari za mitumbwi zikawekewa masharti, na vijiji vikahamishwa.

Hapa ndipo wengi husema wenyeji walikimbia tiba kwa ujinga. Kumbukumbu za kambi zinaonyesha mwendo mwingine. Mwanzoni watu walienda kwa hiari, wakiwabeba wagonjwa wao machelani, kwa sababu walikuwa wameona atoksili ikimwinua mtu. Walipoona vipofu wakiongezeka na wafu kambini hawapungui, wakapima faida na hasara kwa macho yao wenyewe, wakaanza kujificha na kutoroka. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Dawa ile haikuponya ugonjwa uliokwisha kuingia kwenye ubongo, na madaktari nao waliiacha baadaye kwa dawa bora zaidi.

Kuhamishwa kulikata mzizi mwingine. Mchikichi haubebwi mgongoni. Aliyeondolewa ziwani alipoteza mawese, samaki na makaburi ya wazazi kwa siku moja, akapelekwa mahali ambapo hakuwa mvuvi tena wala mtu wa Imbo. Kwa daktari, kumtenga binadamu na mbung'o kulikuwa na mantiki, na kweli kulipunguza maambukizi. Kwa aliyehamishwa, serikali ilikuja na sindano mkono mmoja na amri ya kuhama mkono wa pili, akashindwa kuitofautisha mikono hiyo. Ubelgiji, ulioichukua nchi mwaka 1916, uliendeleza mikono yote miwili.

Wabelgiji walieneza chanjo na disipanseri na kuwafunza wauguzi wa Kiafrika. Walikitazama Kiswahili kwa shaka, kama lugha ya Uislamu na ya miji, wakakiweka kando shuleni na ofisini. Matokeo yake yalionekana mbele ya meza ya muuguzi: mwanamke wa Rumonge aliyesali na kufanya biashara kwa Kiswahili alieleza maumivu yake kwa Kirundi, yakaandikwa kwa Kifaransa.

1972: walipotoweka wauguzi

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulianzia kwenye mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakawaua Watutsi, wakiwemo wanawake na watoto. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wanauita msimu huo ikiza, janga.

Miongoni mwa waliochukuliwa walikuwa walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji na wauguzi. Tunapozungumza juu ya imani ya watu kwa hospitali, jambo hili linastahili uzito wake kamili. Kutoweka kwa muuguzi kulikuwa zaidi ya upungufu wa mtumishi. Orodha zilitumika kuwakamata watu, na jengo la serikali lenye daftari la majina likawa mahali pa kuogopwa. Kabila la mtu lilikuwa limeamua uhai wake. Mgonjwa aliyefika kituoni miaka iliyofuata alitazama kwanza ni nani amekaa mezani, kabla hajasema anaumwa nini.

Maelfu ya watu wa Imbo walivuka mpaka na ziwa kwenda Tanzania. Makazi yao makubwa yakawa Ulyankulu, Katumba na, kuanzia 1978, Mishamo. Huko walilima msitu, wakajenga shule na zahanati, wakajifunza Kiswahili kilichowaweka meza moja na Waha, Wanyamwezi na Wafipa. Mtoto aliyezaliwa Katumba alijua kadi ya kliniki, mizani ya kupimia watoto wachanga na wimbo wa chanjo kwa Kiswahili. Zahanati ya ukimbizini ilikuwa na uhaba wake, lakini haikuuliza kabila.

1992: maji ya ziwa

Kipindupindu kiliingia katika nchi za Maziwa Makuu mwaka 1978 na hakijaondoka. Mwaka 1992 kiliishika Rumonge kwa nguvu, na zaidi ya watu 300 wakalazwa kwa muda mfupi. Watafiti walifanya kazi ya kulinganisha wagonjwa na majirani zao waliobaki wazima, kisha wakachapisha matokeo mwaka 1997 katika jarida la Lancet. Walikuta hatari ikiongezeka kadiri mtu anavyoishi karibu na ziwa, na mambo mawili yakajitokeza mbele ya mengine: kuoga ziwani na kunywa maji yake. Bakteria wenyewe walipatikana ziwani.

Matokeo hayo yaliigusa nafsi ya mji. Mtu wa Rumonge huoga ziwani, hufua ziwani, hunywa ziwani akiwa kwenye mtumbwi usiku kucha. Ziwa limemlisha yeye na babu yake. Kumwambia aliache ni sawa na kumwambia mfugaji wa Bututsi, huko milimani, aache ng'ombe. Hivyo mahubiri ya usafi yakapokewa kwa heshima na kusahauliwa kesho yake, na maofisa wakaandika kwamba mila ni ngumu kubadilika.

Mila haikuwa imejaribiwa. Mwenye bomba linalotoka maji safi kila siku, karibu na kwa bei anayoiweza, hana sababu ya kushuka ziwani na ndoo. Bomba linapokauka wiki nzima, mtu aliyesoma na asiyesoma wanakutana ufukweni. Vilevile choo: kwenye ardhi ya kichanga iliyo juu kidogo tu ya maji, shimo la kawaida hujaa maji mvua ikinyesha na kurudisha kinyesi ziwani. Kipindupindu cha mwambao kina fundi wake, na fundi huyo ana mabomba, klorini na saruji. Mahubiri yakitangulia bila fundi, yanamlaumu mtu kwa kiu yake.

Ipo sehemu ambayo utamaduni uliua, na haifai kuifunika. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache kwa kupoteza maji mwilini. Familia inayongoja kikao cha ukoo hadi jioni, au inayoamini amerogwa na kumpeleka kwa mganga kwanza, inampoteza mtu ambaye chumvichumvi za kunywa na dripu zingemwokoa. Ndivyo pia kwa mtoto anayekatwa kimeo kwa kisu kisichochemshwa kwa sababu anakohoa, au mwenye degedege la malaria anayefukizwa majani. Wapo watoto makaburini kwa sababu hiyo.

Mlango ulipofunguliwa

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1993, viliiacha hospitali ya Burundi ikiwa na deni na mgonjwa akiwa na deni kubwa zaidi. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wagonjwa maskini, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, walivyokuwa wakizuiliwa hospitalini kwa wiki au miezi hadi ndugu walipe. Kumbukumbu ya zamani ilipata mwili mpya: ukienda huko, wanaweza kukushikilia. Mama aliyechagua kuzalia nyumbani kwa mkunga wa mtaa aliambiwa ameshikilia mila. Kwa kweli alikuwa ameshikilia uhuru wake wa kurudi kwake.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza huduma bure kwa wanaojifungua na kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vituo vilifurika, dawa zikaisha, wauguzi wakalemewa. Lakini tazama hesabu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, watoto 60 kati ya 100 walizaliwa katika kituo cha afya. Ule wa 2016 na 2017 ulipata 84. Mila ile iliyosemwa kuwa haitikisiki ilihama kwa muda wa kizazi kimoja cha watoto wa shule ya msingi. Akina mama walikuwa wakingoja mlango usiokuwa na kufuli kwa ndani.

Wakati huohuo wakimbizi wa 1972 walianza kurejea. Zaidi ya 162,000 walichagua uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 walirudi Burundi kuanzia 2008, wengi wao Rumonge na Nyanza-Lac. Walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wapya. Walikuta pia kwamba watoto wao, Warundi kwa damu, walizungumza Kirundi kwa shida na kuitwa Watanzania sokoni. Vijiji vya amani vilijengwa, kikiwemo Mutambara karibu na Rumonge, ambako Wahutu na Watutsi, waliobaki na waliorejea, wanapakana ua kwa ua. Januari 2018 maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Kivu Kusini walivuka ziwa kwa mitumbwi na kushuka mwambao huu, na Kiswahili chao kikaongezeka kwenye foleni ya kituo cha afya.

Katika foleni hiyo mtu mmoja hubeba tiba zote za historia hii. Asubuhi amekunywa umubirizi. Shingoni ana hirizi aliyopewa na shangazi. Mkononi ana kitabu cha kliniki, na moyoni anamwomba Imana, Mungu wake. Muuguzi anayeanza kwa kukemea hirizi hataambiwa habari ya majani, na asipoambiwa hawezi kujua kama majani yanagongana na dawa anayoandika. Anayeuliza kwa upole, "Mama, umeshampa nini mtoto tangu jana?", hupata historia nzima ya ugonjwa. Wala hana haja ya kuyadharau majani: kwinini ilitoka kwenye magome ya mti wa Andes, na artemisinini, msingi wa dawa tunazomeza leo kwa malaria, ilitoka kwenye pakanga ya Kichina, kazi iliyompa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kinachotofautisha jani na kidonge ni kipimo kinachojulikana na ushahidi ulioandikwa.

Kazi bora ya siku hizi inafanywa na wahudumu wa afya ya jamii, ambao kwa Kirundi huitwa abaremeshakiyago. Huchaguliwa na majirani zao, hupima malaria na kutoa dawa kwa watoto wadogo, humsindikiza mjamzito, hutambua mapema mtu anayeharisha. Nguvu yao ni ileile ya Atiman: hawawezi kukimbia. Wakikosea, watakutana na familia hiyo kisimani, kanisani, msikitini na msibani. Malipo yao ni kidogo mno kulinganisha na uzito wanaoubeba, na nchi inayowategemea hivyo inawadai zaidi ya inavyowalipa.

Hata mpaka wa zamani kati ya juu na chini umeyeyuka. Mwaka 2000 na 2001 malaria ilipanda milimani na kuwashika watu wasiokuwa na kinga, zaidi ya wagonjwa milioni tatu katika nchi nzima. Homa iliyowapa watu wa Imbo jina baya sasa ni ya Burundi yote.

Kutokana na historia hii nadai mambo manne kwa mwambao wa Rumonge. Muuguzi anayepangiwa huko afundishwe Kiswahili cha kutosha kumhoji mgonjwa, na fomu za ridhaa zisomwe kwa lugha anayoielewa anayetia sahihi. Bomba la maji lihesabiwe kuwa chombo cha tiba, na likikauka litolewe taarifa kwa uzito uleule wa kukosa dripu. Wazee wa koo, maimamu, mapadri na wakunga wa mitaa waitwe kwenye kikao kabla ya kampeni, wapewe nafasi ya kupinga na kujibiwa, hasa wakati wa kipindupindu, ili siku ya ugonjwa mgonjwa asisubiri kikao kingine. Na asiwepo tena mgonjwa anayezuiliwa kwa sababu ya bili, kwa kuwa mama mmoja aliyeshikiliwa huwafundisha woga wanawake wa kitongoji kizima.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka mtu wa Rumonge aache kuwa alivyo. Yanaitaka hospitali ikamilishe kazi ambayo yeye ameifanya upande wake tangu siku za misafara: kujifunza ya mwenzake, kupima kwa macho, kuchukua lililo jema. Amewapokea wenye hirizi, wenye misalaba, wenye sindano na wenye vidonge. Kila aliyekaa naye na kumheshimu aliaminiwa, na kila aliyeaminiwa aliokoa watu.